Sahani Haikuwamo Kwenye Ratiba

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniponza. Kitinda mimba wangu, miaka sita, amekaa mkekani kwa jirani yetu Bi Mkubwa, hapahapa Mtambile, Pemba. Mtandio mweupe umemfunika mpaka kwenye nyusi, shavu limejaa muhogo wa nazi, na mkononi ameshika mnyiri wa pweza kama askari aliyekabidhiwa silaha. Mke wangu akaona inapendeza, akamtumia mama yake kule Njombe. Hakuandika neno chini yake. Mpaka leo namwambia, ungeandika hata "mtoto anakula".

Simu ililia kabla sijamaliza kutia uzi kwenye sindano. Mama mkwe wangu haongei kwenye simu, anahutubia. Ni mzee wa kanisa na kiongozi wa akina mama wa usharika wao, na nasema bila kutia chumvi kwamba angefungua dirisha tu na kuongea kutoka kulekule Njombe, Pemba nzima ingemsikia.

"Mkwe," akasema, "mtoto yule amevaa nini?"

"Mtandio, mama. Jua la huku ni kali."

"Picha imepigwa jua likizama."

Nikalamba ncha ya uzi.

"Na anakula nini nyumbani kwa watu saa ya kufuturu?"

"Anafuturu, mama. Yaani hafuturu, maana hakufunga. Anakula tu wakati wenzake wanafuturu."

Alivuta pumzi. Nilisikia upepo wa Njombe nzima ukiingia kifuani mwake. "Nakuja," akasema. "Nitawapima watoto hao mwenyewe. Nikikuta hawajui kuomba, mkubwa naondoka naye, nikamlee kanisani. Mdogo atafuata baadaye."

Kifungua mimba wangu, binti wa miaka kumi, alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Aliniuliza swali moja tu. "Baba, Njombe kuna baridi kiasi gani?"

Nikamwambia hakuna mtu anayekwenda Njombe. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua atakachofanya, na kwa kweli nilikuwa sijui lolote.

Sisi tulifika kisiwani kwa uhamisho. Uhamisho si wangu, ni wa mke wangu, ambaye ni muuguzi. Mimi nilimfuata na cherehani begani. Vijana wa barazani walinipokea kwa heshima zote: "Yakhe, weye ndo uliyefuata nke?" Nikajibu ndiye mimi, nikatoa tepu, nikawapima suruali, na tangu siku hiyo tunaelewana. Mtaani kwetu nyumba ya Kikristo ni yetu peke yake. Kanisa liko Chake, na tunakwenda Jumapili ambazo mke wangu hayuko zamu. Siku nyingine zote imani ya watoto wangu ilikuwa mikononi mwangu, na mikono hiyo mwezi wa Ramadhani inashona kanzu za Idi tangu asubuhi mpaka vidole vinasahau ni vya nani. Hakuna kanzu ya Idi Mtambile ambayo haikupitia kwa Mkristo huyu. Kama ipo, itazame vizuri, bega moja liko juu.

Isitoshe, mimi ni msomi. Nilimaliza kidato cha nne kwa madarasa ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, baada ya kazi, kwenye chumba chenye mbu waliokuwa wakibisha hodi kabla ya kuingia. Cheti changu kimetundikwa juu ya cherehani, kimeipita picha yetu ya harusi kwa kimo cha shubiri mbili. Na madarasa yale yalinifundisha jambo moja kubwa, kwamba hakuna kitu kilichowahi kuingia kwenye kichwa cha binadamu bila ratiba.

Basi wiki ileile nikafungua shule ya imani nyumbani kwangu. Nilichukua karatasi ya kukatia vipande vya nguo, ndefu kama mlango, nikaibandika ukutani na kuiandika kwa chaki ya kushonea. Jumatatu uumbaji, Jumanne manabii, Jumatano wanafunzi wa Yesu, Alhamisi mifano, Ijumaa kukariri zaburi, Jumamosi mtihani. Nikatengeneza daftari la mahudhurio. Nikachora fomu ya ripoti yenye mistari: kuomba kwa sauti, alama kumi, kukariri, alama kumi, unyenyekevu, alama kumi.

Mke wangu alitoka zamu, akaisoma ratiba akiwa bado na sare yake.

"Unyenyekevu utausahihisha vipi?"

"Kwa jicho."

"Na ada?"

"Bure."

"Basi mwanafunzi wa kwanza kutoroka utakuwa wewe mwenyewe."

Nikamwambia watu wa mchana hawawezi kuelewa elimu ya jioni. Akaenda zake jikoni.

Shule inataka kengele, nami sikuwa nayo. Ila msikiti uko hatua chache tu kutoka kwetu na kipaza sauti chake kinaelekea dirisha la watoto. Adhana ya alfajiri ikitoka, nyumba yote inakaa kitako, hata kuku. Nikaona Mungu ameniletea kengele bila gharama. Kila alfajiri, muadhini akianza, nami naita, "Darasa la uumbaji, mkekani." Majirani wanakwenda kuswali, sisi tunasinzia juu ya siku ya tatu, ile ya miti na majani. Kitinda mimba alikuwa anaweza kulala amesimama huku mkono umenyooshwa kujibu swali.

Mtihani wa kwanza nilimwambia ataje wanafunzi wa Yesu. Alitaja watatu sawasawa. Wa nne akamtaja mzee wa Wambaa anayetuletea pweza.

"Huyo si mwanafunzi wa Yesu."

"Ni mvuvi, baba."

"Ni mvuvi, lakini si wale."

"Wewe ulisema Yesu aliwachukua wavuvi. Yule bado hajachukuliwa?"

Nikampa alama tatu kwa kumi na kumwandikia, "Aongeze bidii."

Lakini huyu mdogo hakuwa tatizo langu. Tatizo langu lilikuwa dada yake, maana yeye ndiye aliyetishiwa Njombe. Kabla ya shule yangu, huyu binti ndiye aliyekuwa muombaji wa nyumba. Ukimwachia sala ya chakula, uji unapoa, unaganda, unaota ngozi. Anamshukuru Mungu kwa uji, anamkumbusha mwalimu wake aliyevunjika mguu, anapita kwa gari la Konde lililoharibika njiani na watu wakatembea, halafu anamalizia kwa mbuzi wa Bi Mkubwa, yule aliyekula mkono mzima wa kanzu ya mteja wangu. Alimwombea mbuzi tumbo lisimuume. Kwa mkono wa kanzu yangu hakuomba lolote.

Kama mkuu wa shule, niliona sala zile hazina mpangilio. Nikamwekea sehemu nne: sifa, toba, shukrani, haja. Kila sehemu sentensi mbili, na akitaja mbuzi anapoteza alama. Wiki ya kwanza alifuata vizuri sana, anaomba kama mtu anayesoma tangazo la kuitwa kazini. Wiki ya pili sentensi mbili zikawa moja. Nilifurahi, nikadhani ni umahiri.

Jumamosi ya wiki hiyo nikauliza swali la Alhamisi, la mifano. Jirani yako ni nani? Eleza. Nilitaka habari ya yule msafiri aliyepigwa njiani akasaidiwa na mgeni, nilikuwa nimeifundisha kwa vitendo, mimi mwenyewe nikiwa msafiri, nimelala chini ya cherehani. Yeye akaandika: "Ni Bi Mkubwa. Mama alipolazwa alituletea uji siku tisa na akatusuka nywele."

Nikampa sifuri. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Umetoka nje ya mada."

Aliitazama ile sifuri, akaikunja karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kifungo. Tangu siku hiyo, ukimwambia aombe, anasema "amina" tu. Mwanzo wala mwisho hakuna, ni amina peke yake. Na mama mkwe alikuwa ameshafika Dar, anasubiri boti.

Alishuka Mkoani na gunia la viazi, koti la baridi na Biblia nzito kama tofali. Tulipofika nyumbani, akaifungua Biblia, akatoa tiketi mbili za kurudia, za siku ya tatu baada ya Idi. Moja yake, na moja imeandikwa mtoto. Akaziweka mezani, akazilaza chini ya kopo la sukari zisipeperuke. Kifungua mimba alisoma ile tiketi, kisha akaenda kuwatolea kuku maji ingawa kuku walikuwa wameshalala.

Nikajituliza. Nikamwambia mke wangu, kesho atashuhudia ibada ya alfajiri, na hiyo peke yake itamrudisha Njombe akiimba.

Alfajiri hiyo umeme ukakatika. Kipaza sauti hakikulia, muadhini akaadhini kwa koo lake tupu kwa faida ya walio karibu, nasi dirisha tulikuwa tumefunga kwa ajili ya kifua cha mgeni. Niliamshwa na jua. Mama mkwe amekaa sebuleni, amevaa na koti, Biblia mapajani.

"Ibada ya asubuhi hapa ni saa ngapi, mkwe?"

"Leo kengele haikulia, mama."

"Kengele gani?"

Nilikuwa natafuta neno. Kitinda mimba akanisaidia. "Ya msikitini, bibi. Umeme ukirudi tutaomba."

Mchana haukuniokoa. Mwezi wa Ramadhani sisi tunakula ndani na mlango tumerudisha, ndivyo tulivyozoea. Mama mkwe akaushika mlango. "Tunajificha kula kama tumeiba?"

"Hatujifichi, bibi," kitinda mimba akamweleza huku anatafuna. "Wenzetu wana njaa. Ukila mbele yao, mate yanawatoka."

Bibi akauachia mlango. Akarudi kwenye sahani yake bila hotuba, na moyo wangu ukaanza kufanya mahesabu yake.

Saa kumi na nusu jioni nikaona bora nimalize yote mara moja. Nikaita mtihani wa mwisho. Watoto mkekani, mama mkwe kitini, mimi na tepu shingoni na daftari mkononi, mke wangu mlangoni mwa jiko ameegemea ukuta. Kitinda mimba akaimba wimbo wake wote na ubeti mmoja usiokuwepo. Nikamgeukia dada yake.

"Haya, binti, tuongoze kwa sala. Sehemu nne."

Akainamisha kichwa. Tukafumba macho. Nikafumbua jicho moja, nikakuta midomo yake imebanwa kama pindo. Nikasema taratibu, "Sifa." Kimya. "Anza na sifa, mwanangu." Akaniangalia, akaangalia daftari, akaangalia ile tiketi chini ya kopo. Machozi yakamjaa lakini mdomo haukufunguka hata kwa amina.

Mama mkwe hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi. "Basi," akasema. "Nguo zake zifuliwe."

Mke wangu aligeuka akaingia jikoni. Mimi nikarudi kwenye cherehani, nikashona shingo ya kanzu juu chini, kisha nikaifumua, kisha nikaishona juu chini tena.

Umeme ulirudi, magharibi ikaadhiniwa, na punde si punde, "Hodi," sauti ya Bi Mkubwa, na sahani mkononi imefunikwa kawa. Mwezi mzima huu ndio mtindo wetu. Yeye analeta, sisi tunapeleka, na hakuna anayerudisha sahani ya mwenzake ikiwa tupu. Kurudisha ni kazi ya kifungua mimba. Mimi huwa naona mgongo wake tu anapotoka, maana saa hizo mteja wa kanzu anakuwa amesimama juu ya kichwa changu.

"Huyu ndo mama yake nesi?" Bi Mkubwa akauliza. "Masalkheri, ndugu yangu. Pole na safari. Futari nimeitia chumvi chembe, mwanao kanikataza kwa presha. Ikiwa haina ladha, nkaripie yeye."

"Ahsante, nitamkaripia," mama mkwe akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke Mkoani nikaona jino lake.

Bi Mkubwa alipoondoka, kukasikika mifuniko jikoni. Mama mkwe akanyanyuka. Viazi vilikuwa vyake, alivibeba kutoka Njombe, na alikuwa na haki ya kujua vinakwenda wapi. Nami nikamfuata, na kanzu begani.

Kifungua mimba alikuwa amepanga viazi vya kukaanga kwenye sahani ya Bi Mkubwa ya jana. Anavipanga kwa duara.

"Viazi vyangu unavipeleka wapi?"

"Kwa Bi Mkubwa. Ngoja kidogo, bibi, sijaviombea."

Akaifunika, akaweka mkono juu ya kawa. Hakutuuliza kama tuko tayari. Hakusubiri tufumbe macho.

"Mungu, hivi viazi vimetoka mbali, na Bi Mkubwa hajala tangu alfajiri. Presha yake ishuke. Chumvi nimetia kidogo. Mwanawe aliyekwenda Oman apige simu, maana Bi Mkubwa anajifanya hasubiri. Mbuzi wake naye asile tena nguo za baba, baba ana kazi nyingi na amechoka. Na mimi nisipelekwe mbali na hii kazi, ila kama bibi anahitaji mtu wa kumsaidia, basi. Kwa jina la Yesu, amina."

Akachukua sahani. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni, hapiti mtu.

"Unafanya hivi kila siku?"

"Kila sahani inayotoka. Mama ndiye aliyeanza, mimi nilimwona."

"Na baba yako anajua?"

"Hapana," akasema. "Haimo kwenye ratiba."

"Kwa nini pale mkekani hukuomba hivyo?"

Aliinama, akazungusha sahani kidogo. "Baba anatoa alama, bibi."

Nimeshakosolewa na walimu wengi maishani, mmoja alinirudishia insha ikiwa nyekundu kuliko nyeupe. Lakini hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa sentensi fupi kama ile. Nikagundua ile kanzu ya mteja bado iko begani na sindano yake imenichoma muda mrefu sikusikia.

Mama mkwe akavua koti. Akachukua sahani upande mmoja, mjukuu wake upande mwingine, wakatoka nayo hivyo, kama watu waliobeba meza.

Nikamuuliza mke wangu, tangu lini. Alikuwa anaosha sufuria, hakugeuka. "Tulipohamia. Nilikuwa simjui mtu hapa, nilikuwa nawaogopa. Nikawa naomba juu ya sahani kabla haijatoka, nikaona nikimwombea mtu simwogopi tena. Watoto wakawa wapo hapo miguuni, wanasikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeitungia mtihani."

Walikaa kwa Bi Mkubwa mpaka futari yetu ikapoa. Waliporudi, kifungua mimba alikuwa anacheka kitu ambacho hakutaka kukisema, na mama mkwe alikuwa ameshika sahani nyingine, imejaa tena, na kichwani amefungwa mtandio mweupe. Kumbe kule kulikuwa na upepo, Bi Mkubwa akaona mgeni ametoka kichwa wazi na kifua anacho, akamfunika wake.

Kitinda mimba akamzunguka bibi yake mara mbili. "Bibi, tukupige picha tumtumie mchungaji wenu?"

"Jaribu uone."

Akaketi. Akamega muhogo, akautafuna kwa muda, akasema kweli chumvi ni chembe. Kisha akanyanyua kopo la sukari, akachukua ile tiketi ya mtoto, akaisoma kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Mtoto wa kwenda kulelewa upya nimempata," akasema, huku macho yakiwa kwangu. "Shida yake tiketi ni ya wadogo, na huyu ana ndevu."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe akaitia ile tiketi ndani ya Biblia, akasema itamfaa kuwekea alama ukurasa, na atakuja tena mwakani kututazama. Kifungua mimba akamkumbatia shingoni kwa nguvu mpaka mtandio ukamvuka. Sare na nguo za binti zilizokuwa zimelowekwa kwa safari tukazifua hivyohivyo, maana zilikuwa chafu.

Ile ratiba niliibandua mwenyewe siku ya pili. Nyuma yake kulikuwa kweupe, nikakatia mikono ya kanzu mbili.

Asubuhi ya Idi nyumba yetu ilikuwa na sahani kumi na mbili za watu za kurudisha. Nimezihesabu, ingawa mke wangu anasema zilikuwa tano. Mama mkwe anakaanga, mke wangu anapakua, watoto wanabeba, na nje wanaume wanapita na kanzu zangu, mabega yote sawa. Nikapita jikoni kuchukua kiazi. Kifungua mimba akaninasa mkono kabla haujafika, akauweka juu ya kawa.

"Hii ya Bi Mkubwa. Leo omba wewe, baba."

Nikakohoa. Nikasimama kama niko mbele ya wasimamizi wa mtihani. "Ee Mungu mwenyezi, uliyeumba mbingu na nchi, tunakusifu—"

"Baba, vinapoa."

Nikaziacha sifa hapo. Nikaisikia sahani ikiwa ya moto chini ya kiganja. Nikamwombea Bi Mkubwa presha, nikamwombea mwanawe simu, kidogo kidogo, kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba isiyo yake. Nilipokwama, niliona dada na mdogo wake wamefumba macho wananisubiri, bibi yao naye ameshika mwiko hewani ananisubiri.

Basi nikamtaja na mbuzi.